Gitaa, ukulele, kalimba, harmonika au kayamba: ubebe nini ukitembea siku nyingi huku ukipiga muziki njiani?

Watu wanaotaka kutembea kwa miguu siku kadhaa na kupiga muziki kila wanapolala huniuliza swali moja: nibebe chombo gani? Kabla sijajibu wanataja kilo. Gitaa lina kilo ngapi, ukulele una gramu ngapi. Kilo nitazitaja, lakini siku mbili za kwanza zikipita mgongo unazoea. Yanayokusumbua baadaye ni mengine: mvua, mlango mfupi wa nyumba ya mwenyeji, na yule kijana aliyekaa mbele kabisa, mikono inamuwasha, anataka naye ajaribu.

Nimetembea na vyombo vitano kwa nyakati tofauti, mara nyingi Usambara, Lushoto kwenda Mtae, njia ya siku tatu hadi nne kulingana na unavyozunguka. Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, vijiji vya Mambo na Mtae viko juu zaidi, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi na ukungu wa huko si mchezo. Njia hiyo ndiyo itakuwa kipimo changu, kwa sababu ina kila kinachoua chombo cha muziki: kupanda, kushuka, unyevu, vumbi, na kipande cha mwisho juu ya bodaboda pale magoti yanapogoma. Wenye safari ya Hispania au Marekani nitawafikia.

Unampigia nani?

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitembea na muziki. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba karibu frasila mbili kila mtu, yaani kilo 30 na ushei, na bado mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, ngoma ikipigwa na baragumu ikilia wakikikaribia kijiji. Muziki ule ulikuwa wa miguu. Ulishika mwendo, ulimwamsha aliyechoka, na uliwaambia wenyeji kwamba tunakuja na hatuji kwa kificho.

Wapo pia waliopiga ili wale. Laurie Lee, kijana wa Kiingereza, aliondoka kijijini kwao Slad mwaka 1934 na fidla mkononi, mwaka uliofuata akashukia Vigo, akaivuka Hispania kwa miguu akijilisha kwa kupiga mitaani. Asipopiga, analala njaa.

Na tuko wengine tulio katikati. Hatumpigii mnunuzi na hatuhitaji ngoma ya kutusukuma mlimani. Tunapiga kwa sababu umefika kwa watu jioni, wamekupa chai, na mkono mtupu haupendezi. Jibu kwanza wewe uko wapi kati ya hao, maana chombo kinachomfaa mmoja kinamwangusha mwingine. Ninayoyaandika hapa yanaelemea kundi hili la mwisho, kwa sababu ndilo ninalolijua.

Gitaa

Safari ya kwanza nilibeba gitaa la kawaida la nyuzi za chuma. Lenyewe lina kama kilo mbili, ukiongeza mfuko wake unakaribia tatu. Nililifunga kwenye begi la mgongoni likiwa limesimama, shingo juu, kwa kuwa hakuna namna nyingine. Ndani ya msitu wa Magamba ndipo nilipojua kosa: wewe unainama kupita chini ya tawi, lenyewe haliinami. Unasahau kwamba umekuwa mrefu kwa nusu mita. Jioni ya pili niliingia jikoni kwa mama aliyetupokea, nikainamisha kichwa changu kwa adabu zote, na kichwa cha gitaa kikagonga kizingiti, likalia kama kengele ya shule. Wote wakacheka, mimi nikacheka nao.

Siku ya tatu ilinyesha. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba mfuko ule haupitishi maji. Ulipitisha. Nikafanya ambacho ungefanya hata wewe, nikaliweka gitaa karibu na moto likauke, na asubuhi kidaraja kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeinuka upande mmoja, pengo la kupitisha shilingi. Sababu ni rahisi ukishaijua. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba. Ukizikausha ghafla zinanywea, na gundi inabaki kati ya mbao mbili zinazovutana. Juu ya hapo, nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70 mchana na usiku. Kwa hiyo gitaa lililolowa halipelekwi motoni. Unalegeza nyuzi, unalifuta, unaliacha chumbani lijikaukie lenyewe.

Kwa nini basi watu bado wanalibeba? Kwa sababu hakuna chombo kati ya hivi vitano kinachobeba wimbo wa watu wengi kama gitaa. Vijana wa kwaya wapo kila kijiji chenye kanisa, na Usambara makanisa ya Kilutheri yako mpaka ukingoni mwa mlima. Ukianza kucharaza wimbo wanaoujua, sauti nne zinapangika zenyewe kabla hujafika kwenye kiitikio. Wazee nao wana zilipendwa zao, na zilipendwa bila gitaa ni kama wali bila nazi. Watu hamsini uwanjani wanalisikia bila spika.

Kuna magitaa madogo ya safari. Linalotajwa sana ni Backpacker la kampuni ya Martin, lenye mwili mwembamba kama kasia na uzito wa kama kilo moja. Linaingia mlangoni, linavumilia basi. Lakini mwili ukipungua na sauti inapungua, na sauti ndiyo iliyokufanya ubebe gitaa. Mimi kwa mtu anayetaka kulipwa, wa mjini, wa baa na hoteli za Moshi au Arusha, namwambia beba gitaa kamili na punguza nguo. Kwa mlima, hapana.

Ukulele

Wahawaii ndio walioupa jina, lakini asili yake ni vigitaa vidogo vya kisiwa cha Madeira vilivyopelekwa Hawaii na wahamiaji wa Kireno mwaka 1879. Ule mdogo wa kawaida una urefu wa nusu mita na kidogo, uzito kama nusu kilo, na unalala ndani ya begi juu ya blanketi. Nyuzi zake ni nne, za nailoni au za jamii hiyo: hazipati kutu, haziumi vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na mvutano wake ni mdogo mno ukilinganisha na gitaa, hivyo kidaraja hakiinuki ovyo. Unaweza kuuvaa shingoni na kuupiga ukitembea mahali tambarare. Gitaa huliwezi hilo ukiwa na begi mgongoni.

Una kasoro mbili. Ya kwanza ni sauti: watu kumi na tano wamekaa kimya wanausikia vizuri, wakifika thelathini na watoto wawili wakaanza kulia, umekwisha. Ya pili haitajwi sana. Ukulele unachekesha. Watu wakiuona wanadhani ni gitaa la mtoto, wanangoja kichekesho, na ukiimba wimbo wa huzuni wanatazamana. Nilihitaji nyimbo tatu kila jioni kuwatoa kwenye hali hiyo. Mtu mcheshi hili kwake ni mtaji, asiye mcheshi ajue mapema.

Kalimba

Hapa nitakaa kidogo.

Wagogo wa Dodoma wana ilimba, sanduku kubwa lenye vijiti vingi vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ikwaruze kidogo. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Kigogo karibu duniani kote, ndiye aliyewafanya wengi wetu tuijue. Ilimba yenyewe siyo ya kufunga kwenye begi. Ninayobeba ni ndugu yake mdogo, kalimba ya vijiti 15, mtindo ulioanza kutengenezwa Afrika Kusini na Hugh Tracey miaka ya 1950. Inaenea mikono miwili, na uzito wake hujui kama umeubeba.

Tatizo la kalimba ni kwamba inanong'ona. Jioni ya kwanza niliipiga nje ya nyumba, upepo ukaichukua yote, watu wakabaki kuniangalia vidole. Binti mmoja wa miaka kama kumi alikuwa ametoka bombani, anamimina maji kwenye pipa. Alipomaliza akaliacha dumu la lita 20 pembeni yangu, tupu. Sikumbuki nani alilisogeza. Nilipoikandamiza kalimba juu ya lile dumu, sauti ikatoka ubavuni mwake nene, ya kuzunguka, kama vile kuna mtu wa pili amejificha ndani. Binti akarudi mbio. Akaweka sikio kwenye dumu, akalitoa, akaliweka tena. Halafu akanyoosha mikono, hakusema kitu, na mimi nikampa.

Hilo ndilo gitaa halijawahi kunifanyia. Gitaa ukimpa mtu asiyejua, anapiga nyuzi zote mara moja, anaona aibu, anakurudishia. Kalimba haina noti ya kukosea, kwa sababu vijiti vyote vimepangwa kwenye ngazi moja ya sauti. Ukibonyeza hiki au kile, kinapatana na cha jirani. Baada ya dakika mbili yule binti alikuwa na vijiti vitatu anavirudiarudia, na wenzake wameanza kupiga makofi juu yake. Mimi niliimba. Tulimaliza saa mbili na nusu usiku mama yake alipomwita mara ya tatu.

Dumu, sufuria, beseni, meza ya mbao, hata mlango: kila nyumba ina kikuza sauti cha kalimba. Usikibebe, utakikuta.

Inavyoharibika: vijiti hupata kutu, kwa hiyo kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kila jioni. Vikisogea, sauti inapotea. Ukikisukuma kijiti ndani ili kipande kinachotetema kifupike, sauti inapanda, ukikivuta nje inashuka. Weka alama ya kalamu kwenye mstari wa kila kijiti kabla hujaondoka nyumbani. Na kata kucha za vidole vyote isipokuwa gumba.

Usitegemee kalimba ikulipe nauli. Mtu apitaye barabarani na haraka zake hatasimama kwa ajili yake.

Harmonika

Wengine wanaiita kinanda cha mdomo. Matundu kumi, urefu wa kidole cha kati na kipande, inakaa mfuko wa shati. Kwa mtembezi wa peke yake sijaona kinachoizidi, unaipiga ukipumzika juu ya jiwe na mkono mmoja umeshika muhogo. Asubuhi za baridi ipashe joto mkononi kwanza, la sivyo unyevu wa pumzi unagandisha vile vibati vya ndani na noti mbili tatu zinanyamaza.

Lakini hii ya matundu kumi ina ufunguo mmoja, yaani ngazi moja tu ya sauti. Wenyeji wakianzisha wimbo kwenye ufunguo wao, wewe unatabasamu tu. Huwezi kuimba ukiwa unapiga. Na huwezi kumpa mtu ajaribu, jambo ambalo halihitaji maelezo.

Kayamba

Nilikidharau chombo hiki mpaka nilipotembea na rafiki wa Kilifi aliyebeba chake. Ni bapa kama kitabu kikubwa, kimefumwa kwa matete na ndani mna mbegu. Wamijikenda ndio wenyewe, ingawa ukifika kisiwa cha Réunion utakikuta kwa jina karibu lilelile, kayamb. Hakina noti hata moja. Kinachofanya ni kuwaambia watu wote mahali pa kupiga kofi.

Kwa muziki wa miguu ndicho bora kuliko vyote. Tulipokuwa tukipanda, yeye alitikisa polepole, shaka-shaka-sha, na nilijikuta navuta pumzi kwenye mpigo ule bila kuamua. Kijijini sauti yenu ndiyo inakuwa chombo na kayamba linashika uti wa mgongo. Watu wanaitikia haraka kwa sababu hakuna cha kushangaa. Kila mtu anaweza kupokea, hasa bibi ambaye hajagusa chombo tangu ujana wake na akikishika unagundua wewe ndiye mwanafunzi.

Ubaya wake ni kwamba matete huvunjika ukiweka jiko au viatu juu yake. Lifunge nje ya begi, bapa mgongoni, na mfuko wa plastiki wa mvua juu yake. Matete yakilowa, mlio unafifia mpaka yakauke. Na kama huna sauti ya kuimba, kayamba peke yake jioni nzima ni adhabu kwa kila mtu.

Mambo yasiyo ya chombo

Ukiingia kijijini pitia kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe kabla hujafungua zipu. Mtu mgeni aliyebeba kitu kirefu kwenye mfuko mweusi anaulizwa maswali, na ni haki yao. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, kwa hiyo kuna kiingilio, na mwongozaji wa hapo Lushoto anajua nyumba gani zinapokea wageni. Ukitaka kulipwa kama msanii, hiyo ni biashara nyingine: usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, unakuhusu.

Usambara ina Waislamu wengi kama ilivyo na Walutheri. Adhana ya magharibi ikianza, chombo kinyamaze kabla hujaambiwa. Mwezi wa Ramadhani panga upya au nenda kutembea tu.

Na kama umefika ukaona turubai limefungwa na watu wamekaa kwenye mikeka, kuna msiba. Chombo kinabaki ndani ya begi, unatoa pole na mchango wako, unalala, unaondoka asubuhi. Imenitokea mara mbili. Kalimba na harmonika zilijificha zenyewe. Gitaa lilikaa mgongoni kwangu likionekana na kila mtu, na nilitamani ardhi ilimeze.

Kwa wanaokwenda mbali

Njia ya Santiago, njia ya hija ya Hispania, ile inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ni karibu kilomita 780 hadi Santiago de Compostela. Huko unalala kwenye mabweni ya mahujaji, na saa nne usiku taa huzimwa, asubuhi wote wako njiani alfajiri. Muda wa muziki ni mchana baada ya kuoga na kufua, uani. Ukulele unatawala hapo kwa sababu ya nafasi ndogo. Carrión de los Condes, mji ulio kwenye njia hiyo, ulipata umaarufu kwa watawa wa Kiagustino waliokuwa wakiimba na mahujaji jioni. Ukiwa na wimbo wa Kiswahili mfupi wenye kiitikio, jioni kama hiyo ndiyo yake. Kumbuka tu kwamba viza ya Schengen ya siku 90 ni ya kutembea. Kofia iliyojaa sarafu barabarani ni maelezo utakayotoa kwa mtu mwenye sare.

Appalachian Trail ya Marekani, kutoka Springer Mountain jimbo la Georgia hadi Katahdin kule Maine, inafikia kilomita 3,500. Hiyo ni miezi mitano sita. Vibanda vyake vimefungwa pande tatu, ya nne wazi, na watembezi huwa wameshalala giza likiingia. Hadhira yako ni watu sita waliochoka, na wanapima hata mswaki kwa gramu. Kwa umbali huo msimamo wangu wa kudharau kilo unakufa. Harmonika au kalimba, basi.

Ningekuchagulia nini

Anayetaka pesa na njia yake inapita mijini, gitaa kamili. Mcheshi anayekwenda Santiago, ukulele. Anayetembea peke yake na hapendi kuangaliwa, harmonika. Watu wawili na zaidi wenye sauti, kayamba, na mmoja wenu aongeze kalimba. Mtu mmoja anayelala kwa watu, Usambara, Upare au milima ya Taita, kalimba na nyimbo kumi unazoweza kuziimba bila chombo chochote. Nyimbo hizo kumi zina umuhimu kuliko ununuzi wenyewe, maana kuna jioni vidole vitakataa.

Kama bado moyo umeganda kwenye gitaa, nunua kwanza mfuko wa sembe wa kilo mbili. Ufunge juu kabisa ya begi lako lililojaa, pamoja na mti wa fagio uliosimama kufikia juu ya kichwa chako, panda daladala la Gongo la Mboto, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, shuka mwisho wa gari, kisha tembea mpaka Kisarawe. Sembe mtaipika mkifika.